Mchoro wa Kitanda

Fundi Jovina wa Mazwi, mjini Sumbawanga, ni mwoga, na wa kwanza kukuambia hivyo ni yeye mwenyewe. Anaogopa radi, anaogopa mbwa wa jirani, na tangu avunjike mguu anaogopa pikipiki kiasi kwamba sokoni huenda kwa miguu, akichechemea, na mfuko wa vitambaa begani. Ukimsifia ujasiri kwa alilolifanya Jumapili ile ya mwezi wa tatu, anakukatalia. "Ujasiri gani? Nilitetemeka mpaka nikabonyeza pasipotakiwa," husema. Na huo ni ukweli mtupu.

Alizaliwa Mpui kwa wazazi wakulima wa ulezi na mahindi, mtoto wa nne kati ya saba. Darasa la saba alimaliza, sekondari hakufika. Baba yake alimpeleka kwa masista akajifunze cherehani, na huko akaangukia mikononi mwa sista mmoja mkali ambaye hakuvumilia kitambaa kupotea. Kabla hujagusa mkasi ilibidi umweleze unaanza kukata kipande gani, kwa nini hicho, na mabaki yake yatafanya kazi gani. Aliyekosa jibu alirudi kukaa. Mwaka wa kwanza Jovina alikaa sana. Mwaka wa pili akawa yeye ndiye anayeulizwa na wenzake.

Sasa ana miaka arobaini na moja. Hakuolewa, na hilo halimsumbui, ingawa linawasumbua watu wengine. Hushona sare za shule na majoho ya kwaya kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na dirisha lake linatazama njia, hivyo kila apitaye humsalimu.

Mguu ulivunjika miaka mitatu iliyopita, bodaboda iliyombeba ilipoteleza kwenye tope. Alilala miezi minne. Aliyemuuguza ni wifi yake Cornelia, mke wa kaka yake, na siku moja Cornelia alimwekea simu ya zamani kifuani.

"Shika hii, wifi. Utalitoboa hilo dari kwa macho."

Ndani ya simu mlikuwa na mchezo. Jina lake ni la kigeni na hakuna anayejisumbua kulitamka. Wachezaji wa huku wanauita Baridi, kwa sababu baridi ndiyo inayoua wengi. Mnaingia kikundi, kila mmoja kwa simu yake na kutoka mahali pake, mnatupwa kwenye nchi ya theluji bila hata kiatu, na kazi yenu ni moja: msife. Mnaokota kuni, mnawinda, mnajenga. Lakini hamwezi kutengeneza kitu ambacho hamjakifungulia mchoro. Kisu kina mchoro wake, kamba ina mchoro wake, nyumba ina michoro chungu nzima, na kila mchoro hufunguliwa kwa pointi. Pointi ni za kikundi kizima, na ni chache. Kila baada ya miezi miwili mchezo hufuta yote, mkaanza upya mikono mitupu.

Wengi huanza kwa kufungua vitu vya kupendeza: upinde, koti la manyoya, shoka la chuma. Wanakufa siku ya pili wakiwa na upinde mzuri na bila moto. Jovina, akiwa amelala chali na mguu umening'inizwa, aliutazama ukurasa wa michoro akauona ni kitambaa. Ukianza na kola, mgongo utakupungukia. Akachukua daftari akaandika kila mchoro, bei yake, na michoro inayousubiri nyuma yake. Akagundua kwamba kitu chochote mkikitengeneza kwa mara ya kwanza kinawarudishia pointi moja, na kitu kipya mkikiokota kwa mara ya kwanza kinawapa moja pia. Basi sheria yake ikawa hii: usifungue kinachopendeza, fungua kinachofungua kingine, na ukishakifungua, kitengeneze papo hapo, hata kama hukihitaji, ile pointi irudi.

Mguu ukapona, mchezo ukabaki. Akawa anacheza Jumapili mchana baada ya misa, na siku za kazi wakati wa kupumzisha mgongo. Kikundi chake kilikuwa cha watu watatu. Yeye aliitwa Fundi. Wa pili alijiita Kizuizi, kijana mwenye sauti nzito aliyekuwa karani wa kupitisha mizigo mpakani Kasesya, na aliyecheza wakati malori yakisubiri foleni. Wa tatu alijiita Bata. Alikuwa msichana, au kwa sauti alionekana msichana, mcheshi, mwenye kuimba ovyo akikata kuni. Majina yao ya kweli hawakuwahi kuulizana. Hawakuwa na namba za simu za wenzao. Walijuana kwa sauti tu, tena sauti ya mchezo, ambayo ilisikika pale tu watu wao wa kwenye mchezo walipokuwa karibu karibu kwenye theluji. Ukienda mbali, kimya. Ukifa, unatupwa nje, na kimya.

Jumapili ile ilikuwa wiki ya kwanza baada ya kufutwa kwa yote. Walikuwa na pointi tisa na moto mmoja. Kizuizi alitaka wafungue upinde.

"Fundi, mbwa mwitu wanakuja. Tutawapiga kwa nini, kwa rozari?"

"Kwa kijinga cha moto. Upinde haufungui kitu chochote. Tulia."

Bata alicheka. Nyuma ya kicheko chake mvua ilisikika ikipiga bati, mvua ya kweli, ya huko aliko. Alikuwa amewaambia kwamba leo analinda ghala la mpunga la mjomba wake, peke yake, kwa kuwa watu wote wameenda kutazama mpira.

"Ngojeni kidogo," akasema. "Kuna gunia huku juu limelala vibaya, linataka kuteremka. Nalisukuma mara moja."

Walisikia akipanda, akiguna. Walisikia akisema "haya, rudi nyuma wewe." Kisha kikaja kishindo, kikafuatiwa na kingine na kingine, kama vile lori linamwaga mawe, na katikati yake ukelele mfupi uliokatika kabla haujaisha.

Halafu mvua tu.

"Bata?" Kizuizi aliita. "Bata, acha utani."

Kwenye simu ya Jovina, mtu wa Bata alikuwa amesimama kwenye theluji, mikono imening'inia, hasogei. Jovina aliinua simu akaibana sikioni. Chini kabisa ya sauti ya mvua palikuwa na kitu kingine. Pumzi. Ilivutwa kwa shida, ikakwama, ikatoka na mlio kama wa mlango usiopakwa mafuta.

"Yuko hai," akasema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. "Amefunikwa. Magunia yamemfunika."

"Mungu wangu. Tufanyeje? Fundi, tufanyeje?"

Wakati wa kulia haukuwepo. Jovina alimwuliza anajua nini kuhusu Bata, na yeye akasema anachojua, na kwa pamoja wakakusanya mabaki. Bata aliwahi kulalamikia joto la Mtowisa. Basi ni Mtowisa, kule bondeni, chini ya miinuko. Aliwahi kusema mashine ya kukoboa ya Mzee Felisian inamchosha masikio akiwa ghalani. Basi ghala liko jirani na mashine hiyo. Jina hawana. Mjomba hawamjui.

"Mimi nawajua madereva wanaopakia mpunga huko," Kizuizi akasema. "Lakini simu yangu ni hii hii moja. Nikipiga, natoka kwenye mchezo."

"Toka. Ngoja! Nitajie kwanza namba yako."

Alitaja. Jovina alichukua chaki ya kushonea akaiandika kwenye kitambaa cha buluu cha sare kilichokuwa mezani. Yeye alikuwa na simu nyingine, kitochi cha vitufe cha kupigiwa na wateja. Akampa namba yake.

"Jina langu Adriano," akasema yule kijana. "Ukimsikia akiacha kupumua, niambie. La, usiniambie." Kisha mtu wake akatoweka kwenye theluji.

Jovina akabaki peke yake na ile pumzi.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo jingine. Baridi ni mchezo usiowapenda wazembe. Mtu asiyegusa simu yake kwa dakika kumi huhesabiwa ameondoka, hutolewa nje, na sauti yake hukatika. Wao walikuwa wameshatumia dakika mbili, labda tatu. Bata hawezi kugusa simu. Dakika saba zijazo mchezo ungemtoa, na kama Adriano hajapata mtu, hakuna atakayejua tena kama yule binti anapumua au la. Asiyegusa simu lakini asitolewe ni mmoja tu: aliyelazwa kitandani kando ya moto, kwa sababu mchezo humhesabu kuwa amepumzika.

Kitanda. Hawakuwa na mchoro wa kitanda.

Alilifungua daftari lake akakosa ukurasa, akalifungua tena. Kitanda, pointi sita, na kinasubiri mchoro wa kamba na wa ubao. Kamba, pointi mbili. Ubao tatu. Jumla kumi na moja, nao wana tisa. Akahesabu kwa sauti, kwa sababu kichwani namba zilikuwa zinakimbia: "Tisa, toa mbili za kamba, saba. Natengeneza kamba ya kwanza, narudishiwa moja, nane. Toa tatu za ubao, tano. Natengeneza ubao wa kwanza, sita. Sita za kitanda. Imetosha. Imetosha kabisa, Bata, haibaki hata moja lakini imetosha. Unanisikia? Pumua tu, mdogo wangu. Pumua, mimi nahesabu."

Akaweka kidole kwenye kamba. Kidole kilikuwa kinatetemeka kama cha mgonjwa wa malaria. Kikateleza, kikabonyeza kilichokuwa chini ya kamba: kofia ya manyoya, pointi mbili.

Ukurasa ukawaka. Mchoro umefunguliwa. Pointi saba.

Jovina alipiga ukelele uliosikika mpaka njiani.

Mlango ulikuwa wazi, na aliyeingia ni Mzee Teodori, katekista, aliyekuwa amekuja kupima joho lake la kwaya. Alisimama kizingitini na kofia mkononi.

"Vipi, fundi? Nani amekufa?"

"Shikamoo mzee. Hajafa. Ingia, kaa, shika simu hii, kitochi hiki, ikiita niwekee sikioni. Tafadhali mzee."

"Marahaba. Lakini hajafa nani?" Aliinama akatazama ile theluji na yule mtu mdogo aliyesimama bila kusogea. "Huyu wa kwenye mchezo?"

"Sikiliza," Jovina akasema, akamsogezea simu sikioni.

Mzee Teodori alisikiliza. Uso wake ulibadilika polepole. Alikaa kwenye kigoda, akakishika kitochi kwa mikono miwili, na midomo yake ikaanza kusogea.

Jovina akatengeneza ile kofia, kwa manyoya waliyokuwa nayo. Pointi moja ikarudi, nane. Akahesabu tena, na mara hii hakuthubutu kuhesabu kwa kichwa; aliandika kwa chaki juu ya sare. Kamba, inabaki sita. Ya kwanza, saba. Ubao, inabaki nne. Wa kwanza, tano. Kitanda sita. Imepungua moja. Pointi moja, kwa kidole kimoja.

Ipatikane wapi? Kitu kipya ambacho hawajakiokota. Kuni wameokota, mawe, nyasi, manyoya, mifupa. Chini mtoni kulikuwa na matete, ambayo msimu huu hawajayagusa. Lakini mto ulikuwa mbali. Akienda huko, pumzi ya Bata isingesikika. Na moto ulikuwa unafifia, na huko pembeni, kati ya miti, vivuli viwili vya mbwa mwitu vilikuwa vimeanza kuzunguka.

Alitupa kuni zote alizokuwa nazo kwenye moto, ukawaka juu. Kisha akamwendesha mtu wake kuelekea mtoni. Hatua chache tu, pumzi ikawa ndogo. Hatua nyingine, ikapotea. Anasema katika maisha yake hajawahi kuogopa kimya kama kile. Hata alipokuwa amelala barabarani na mguu umegeuka nyuma hakuogopa hivyo. Alijikuta anasali kwa Kifipa, maneno ya bibi yake, ambayo hakujua kama bado anayo.

Matete. Akayaokota. Pointi tisa. Akageuka.

Aliporudi, mbwa mwitu mmoja alikuwa ameshafika miguuni pa Bata. Ndipo Jovina, mwoga wa mbwa wa jirani, akachomoa kijinga cha moto na kumkimbilia. Mnyama akamwuma mkono, mstari wa uhai wa Jovina ukashuka nusu. Akampiga, akampiga tena, mpaka mbwa mwitu akakimbia. Na ile pumzi? Aliibana simu sikioni. Mvua. Mvua. Halafu ule mlio wa mlango usiopakwa mafuta.

"Yupo," akasema. Mzee Teodori alifanya ishara ya msalaba.

Mara hii alibonyeza kwa kidole cha mkono wa kushoto, akikishikilia kwa mkono wa kulia. Kamba, saba. Akasokota kamba ya kwanza, nane. Ubao, tano. Akapasua ubao wa kwanza, sita. Kitanda. Ukurasa ukawaka, pointi sifuri. Kitanda kilitaka mbao nne, kamba mbili na nyasi, na mbao zikataka magogo, na magogo yakataka kukatwa. Saa ya ukutani ilimwonyesha kuwa dakika tisa zimepita tangu kile kishindo. Akakata gogo la mwisho mbwa mwitu wa pili akiwa anamngurumia mgongoni, akakitandika kitanda kando ya moto, akambeba Bata kwa mabega na kumlaza. Kwenye kona ya simu, juu ya jina la Bata, ikatokea alama ndogo ya mtu aliyelala.

Dakika ya kumi ikapita, kisha ya kumi na moja. Alama ikabaki pale, na pumzi ikabaki.

Kitochi kiliita. Mzee Teodori alikiweka sikioni mwa Jovina kama alivyoagizwa.

"Nimempata dereva mmoja, Christopha," alisema Adriano, akihema kana kwamba amekimbia. "Anaijua mashine ya Mzee Felisian. Mzee mwenyewe simu haipatikani, nafikiri naye yuko mpirani. Polisi nimewapigia pia, wameniuliza jina la mtu, nikakosa la kusema, wakasema watatuma watu wa kijijini watazame. Sasa Christopha anamtafuta mama mmoja anayeuza chakula karibu na mashine, Mama Sharon. Anapumua?"

"Anapumua. Fanya haraka."

"Haraka ninayo, fundi. Mtandao ndio hauna."

Kusubiri kulikofuata ndiko anakokueleza kwa shida zaidi. Alikuwa hana cha kufungua wala cha kuhesabu. Alilisha moto kuni, moja baada ya moja, na kusikiliza. Pumzi ilikuwa inachelewa. Alianza kuhesabu nafasi kati ya pumzi moja na nyingine: tatu, nne, tatu, tano. Akafika saba. Akasimama wima, kiti kikaanguka.

"Bata! Bata, usilale! Unasikia? Mimi naitwa Jovina. Nashona nguo, niko Mazwi. Nitakushonea gauni la rangi unayotaka. Pumua!"

Ikaja. Ndogo, lakini ikaja.

Kisha kukawa na kugonga. Sauti ya mwanamke ikaita mbali, "Hodi! Kuna mtu humo?" Jovina alipiga kelele kwamba ndiyo, yumo, vunjeni, mpaka Mzee Teodori akamshika bega, kwa kuwa huko sauti yake ingetoka kwenye simu iliyofukiwa chini ya magunia, wala wasingeisikia. Lakini mlango ulipigwa teke, mara moja, mara tatu. Komeo likakatika. Miguu mingi ikaingia.

"Yesu wangu! Mguu huu hapa! Njooni, njooni, toeni hilo la juu kwanza, siyo hilo, mtamponda!"

Magunia yaliburutwa. Wanaume walihesabu na kuinua. Mtu mmoja aliiokota simu, na sauti yake ikamjaza Jovina sikio: "Haloo? Haloo, nani?" Wakati huo huo mbwa mwitu wa kwenye mchezo akalia. Yule mtu akashtuka, simu ikamponyoka, ikagonga sakafu, na mtu wa Bata akatoweka kitandani.

Kimya.

"Wamempata," Mzee Teodori alisema.

"Wamempata," Jovina akaitikia. "Lakini akiwa hai?"

Hilo hakuna aliyemjibu siku ile. Adriano alipiga jioni: Mama Sharon anasema binti amepakiwa kwenye gari la mpunga, wanajaribu kupandisha milima kuja mjini, barabara ni tope tupu. Alipoondoka alikuwa amefumba macho. Baada ya hapo hata namba ya Mama Sharon haikupatikana tena. Jumatatu Jovina hakushona. Aliketi dirishani, na kila gari la mizigo lililopita alilifuata kwa macho mpaka likapotea. Cornelia alikuja na uji wa ulezi akaukuta mchana bado umejaa kikombe.

"Kula, wifi. Humjui hata sura."

"Najua anavyopumua," alisema Jovina. Cornelia akauchukua ule uji kwenda kuupasha moto.

Jumanne asubuhi Adriano alipiga tena. Binti amefika. Yuko hospitali hapo hapo Sumbawanga, amelazwa, ameongea. Anaitwa Asnath. Jovina alifunga chumba, akaenda. Njia ni ndefu kwa mguu ule, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu aliita bodaboda. Alimkaba dereva kiuno kwa nguvu hata akalalamika, na macho aliyafumba njia nzima.

Wodini alikuta binti wa miaka kama ishirini na mitatu, mwembamba, bega limefungwa, mkono wa kulia umevimba mpaka vidoleni. Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika. Kando yake aliketi mjomba wake, mzee mwenye macho mekundu ya kukesha. Jovina alisimama miguuni pa kitanda.

"Shikamoo baba. Mimi ni... tunacheza pamoja."

"Marahaba, mama. Karibu."

Asnath aligeuza kichwa. "Fundi?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ndiyo ile. "Nilikuwa nakusikia unahesabu. Tisa, saba, nane. Nikadhani unahesabu magunia yaliyobaki. Nikasema acha nisubiri amalize."

Jovina alilia hapo mbele ya wodi nzima, akafuta machozi kwa tepu ya kupimia iliyokuwa bado shingoni.

Mjomba aliomba aelezwe kisa tangu mwanzo, akaelezwa. Kisa kilipofika kwenye kitanda cha mbao na kamba kisichokuwepo, mzee alitikisa kichwa. Alisema hajaelewa sawasawa, ila ameelewa kwamba huyu mama hakuiacha simu. Kisha akasema magunia yale aliyapanga yeye, saba kwenda juu, huku akijua ukuta una unyevu, na kwamba hilo atalibeba.

Vidole viwili vya Asnath havijarudi kukunjika vizuri hadi leo. Gauni lake alishonewa, la rangi ya chungwa, lenye mkono mpana wa kupitisha bega lililofungwa. Mwezi mzima Jovina hakuweza kuufungua ule mchezo. Waliporudi, walirudi watatu, na sasa kikundi kimekua, wamefika sita. Anayetaka kujiunga hupewa kwanza maswali na Jovina: jina lako la kweli, kijiji chako, uko chumba gani sasa hivi, na namba ya jirani ambaye simu yake haizimwi. Adriano anasema ni makali kuliko fomu za mpakani. Wapo waliokasirika wakaenda zao.

Juzi aliingia mmoja mpya, dereva wa trekta kutoka Laela, anajiita Nyundo. Aliuliza namba ya jirani ni ya nini, kwani ni benki? Jovina akamsimulia, kwa ufupi, mpaka kwenye ile pumzi iliyochelewa hadi saba. Huko Laela kukawa kimya kidogo, na Jovina akaanza kuhesabu.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, dada," yule mtu akasema. "Nilikuwa naitafuta namba ya jirani. Andika."